Nusu ya Mto

Bi Tatu Kilua, Barabara ya Kumi na Mbili,
alifungia bajia ulimwengu.
Majarida mazito ya picha, yaliyoachwa ofisini
meneja wa mkonge alipofunga virago,
aliyanunua kwa kilo, bei ya chuma chakavu,
akayachana kwa rula, kila ukurasa mara mbili,
maana ukurasa mzima ni hasara.

Nilikuwa na miaka tisa.
Nilikula haraka, wala si kwa njaa:
nilitaka kuona leo nimepewa wapi.

Jumatatu nikapewa barafu.
Mlima mweupe, na chini yake ndege wamesimama wima
katika majoho meusi, kama wageni
waliowahi mno shughulini
na hakuna wa kuwakaribisha ndani.
Ijumaa, mwanga wa kijani angani,
kanga iliyosahauliwa kambani usiku kucha.

Na mafuta nayo yalifanya kazi yake.
Pale bajia ilipokaa, karatasi iligeuka kioo,
upande wa pili ukapenya:
volkano ikawaka tumboni mwa nyangumi,
wale ndege wa barafu wakavuka mchanga wa moto
bila kulalamika.
Nikaamini ndivyo dunia ilivyo huko nje,
kila mahali pamelala juu ya pengine.
Hata sasa sijashawishika vinginevyo.

Kisha nikapata mto.
Mpana, rangi ya chai ya maziwa,
unakwenda kulia, unakwenda,
na palipopita rula, ukakatika.
Mto gani unakatika kwa rula?
Nikazunguka mtaa nikiuliza
nani kala bajia na maporomoko.

Ni Chande, mtoto wa fundi saa.
Ameyabandika ndani ya daftari la hesabu,
maji yanaanguka tangu ukingo wa karatasi
na hayajui yametoka wapi.
Akataka kachori nne, na ukwaju juu.
Nne!
Nikamwambia, baki na moshi wako wa maji.
Tukakaa hivyo mwaka mzima, kila mtu na nusu yake,
mto wangu hauanguki,
wake hauna chanzo.

Mwezi wa Rajabu Bi Tatu alifika jarida la mwisho.
Nikafungua: samaki.
Buluu kama wino wa karani, mapezi manene kama viganja,
madoa meupe, na jicho
la mtu aliyeamshwa kwa jambo lisilomhusu.
Chini yake rula ya mbao, na pembeni kabisa,
kilichoponyoka mkasi wa mhariri,
kidole gumba.
Ukucha nusu.

Ukucha ule naujua.
Nusu ya pili ilibaki kwenye korona ya Kigombe,
ndipo Mjomba Mbaruku akaachana na mkonge
akaenda kumshikia rula Bwana Samaki.

Binamu Salha, wa kidato cha tatu,
akatufasiria maandishi kwa sauti ya redio:
"Katika pwani ya mbali, isiyojulikana..."
"Na nani?" akauliza Bi Tatu,
hakugeuka, chujio mkononi, mafuta yanachemka.
Salha akarudia kusoma, kidole juu ya mstari.
Hapakuandikwa na nani.

Mjomba alipoletewa, aliinua karatasi mwangani.
Nyuma ya samaki ukajitokeza mji wa theluji,
taa zinawaka mchana,
na watu wadogo wadogo, wamejifunika hadi puani,
wanatembea chini ya pezi
kuelekea kwenye kidole chake.

Akakitazama sana kile cha karatasi.
Akakitazama hiki cha mkononi.
"Kimetoka," akasema.
Halafu akauliza kama chatne imebaki.